Mafiga Matatu

Chini ya milima ya Uluguru, katika mji wa Morogoro, pana mahali paitwapo Mafiga. Neno hilo kila mtoto hulijua tangu jikoni kwa mama yake: mafiga ni mawe matatu ya kuinjikia chungu. Ukiondoa moja, chungu hupinduka na chakula humwagika. Ndiyo maana wahenga walisema, "Figa moja haliinjiki chungu."

Kazi ya uuguzi ni vivyo hivyo. Mgonjwa hauguzwi na mtu mmoja. Wauguzi hupokezana kwa zamu: ya asubuhi, ya alasiri na ya usiku. Anayeondoka humweleza anayeingia habari za kila mgonjwa: joto la mwili wake, dawa alizokwisha kupewa na saa aliyopewa. Akisahau neno moja, mgonjwa aweza kupewa dawa mara mbili, au kuikosa kabisa.

Tarehe 10 Agosti 2019, gari la mafuta lilipinduka Msamvu, katika mji huo huo. Watu wakakusanyika kuchota petroli, mara moto ukalipuka. Watu zaidi ya 100 walikufa. Majeruhi walipelekwa hospitali ya mkoa, na wengine wakasafirishwa mpaka Muhimbili, Dar es Salaam. Mtu aliyeungua sana hupotewa na maji mengi mwilini, tena vijidudu huingia kwa wepesi penye vidonda. Basi muuguzi mmoja huangalia maji yanayoingia mshipani, mwingine hupima mkojo, mwingine husafisha vidonda na kuvifunga. Kazi hiyo haikomi usiku wala mchana.

Mgonjwa apatapo nafuu, humshukuru yule amwonaye siku ya kutoka. Aliyekesha naye alipokuwa hajitambui, hamjui. Nani basi atamshukuru huyo? Ni mwenzake wa kazi, maana yeye ndiye aionaye kazi ile asubuhi: shuka ni kavu, daftari limeandikwa sawasawa, mgonjwa amegeuzwa asipate vidonda vya mgongoni.

Shukrani njema hutaja tendo lenyewe: "Ahsante, dada, uliniandikia saa ya dawa, nami sikukosea." Maneno hayo si adabu tu. Muuguzi adharauliwaye na wenzake huona haya kuuliza, naye akikosea huficha. Mwenye kuumia ni mgonjwa. Bali ajuaye kwamba kazi yake yaonekana, huuliza upesi na kukiri upesi. Wala shukrani haifuti ukweli: aliyekosea huambiwa, lakini kwa upole na faraghani.

Kila mwaka, tarehe 12 Mei, wauguzi wa dunia nzima hukumbukwa. Ndiyo siku aliyozaliwa Florence Nightingale, mwaka 1820. Mwaka 1854 alikwenda Uturuki kuuguza askari wa vita, akifuatana na wanawake 38. Jina lake lajulikana kote. Majina ya wenzake wajuao ni wachache. Lakini bila wao asingaliweza kazi ile.

Siku moja katika mwaka ni njema, ila haitoshi. Chungu huinjikwa kila siku, na kila siku mafiga ni matatu.

Maswali

1. Kwa nini muuguzi wa usiku hashukuriwi na mgonjwa?
2. Muuguzi akidharauliwa na wenzake, mgonjwa hupata hasara gani?
3. Nyumbani kwenu, ni nani afanyaye kazi isiyoonekana? Utamshukuru kwa tendo gani?