Kufundisha Hifadhi Ufukweni mwa Ziwa Nyasa

Tukifundisha hifadhi kwa picha za tembo wa Mikumi peke yake, mtoto wa Mbinga au Nyasa ataamini kuwa viumbe vya porini ni vya watalii. Yafaa tuanze na vilivyo karibu naye. Katika miamba ya Ziwa Nyasa wamo samaki wasiopatikana penginepo duniani. Majike wa aina nyingi huatamia mayai kinywani. Malawi iliwatengea samaki wa jamii hiyo hifadhi ya taifa mwaka 1980.

Kwanza tuwaulize wavuvi mahali pasipo mamba. Kisha wanafunzi wakae mwambani asubuhi maji yatuliapo, watazame kimya, wachore. Mwisho tuulize: jike akivuliwa na mayai yake, wamepotea samaki wangapi? Ajibuye ameielewa hifadhi.