MAKIWA YASIYO NA JIBU
(Somo la msamiati wa msiba)

Somo letu mara hii lina huzuni kidogo, lakini latuhusu sote tunaoishi kisiwani, maana huku kwetu kila uendako ni maji.

Hapa Mombasa mtu akifiwa, twamwendea na kumwambia, "Makiwa!" Naye hujibu, "Tunayo." Basi, yamekwisha. Lakini je, mtu ambaye mwanawe amezama na mwili haujaonekana atajibu nini? Akisema "tunayo", ni kama amemzika kwa ulimi kabla ya kumzika kwa mikono. Akinyamaza, watu watadhani hataki pole zao. Hapo ndipo penye taabu.

1. Desturi huanza na mwili
Kwa Waislamu wa Mji wa Kale, maiti huoshwa, huvikwa sanda, husaliwa, kisha huchukuliwa kwa jeneza hadi makaburini, mathalani Manyimbo. Watu hukaa matanga, na hitima husomwa. Mjane hukaa eda ya miezi 4 na siku 10 tangu siku mumewe alipofariki. Wakristo nao huwa na ibada ya mazishi, na jamaa wa bara hufunga safari kupeleka mwili nyumbani. Ukitazama sana utaona kila hatua yategemea iliyotangulia, na ya kwanza ni kuwa na mwili. Usipopatikana, watu hukwama kizingitini: si wafiwa kamili, wala si watu wenye raha.

2. Yaliyotupata
Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na gati ikiwa na watu wapatao 400. Watu 272 walifariki. Waswahili husema kifo cha wengi harusi. Ni kweli, lakini pengine ni kweli kwa siku ya kwanza tu, wakati wote wako ufuoni wakilia pamoja. Mwili wa kwanza ukitolewa, jamaa zake huondoka kwenda kuzika. Kesho huondoka wengine. Anayebaki mwisho hubaki peke yake, na "harusi" imekwisha!

Tarehe 29 Septemba 2019, gari liliteleza kutoka kwenye feri ya Likoni likazama na mama na bintiye mdogo. Lilitolewa tarehe 11 Oktoba, siku ya 13. Wengi waliuliza, mbona siku zote hizo? Gari lilikuwa kina cha meta 58 hivi. Huko chini ni giza, maji yakijaa na kupwa huenda mbio, na mpiga mbizi hawezi kukaa kina hicho kwa muda mrefu. Mfiwa aelezwe mambo haya waziwazi, kwani asiyeelezwa hudhani mtu wake amepuuzwa.

Wala si majini tu. Kule Shakahola, kaunti ya Kilifi, ufukuaji wa makaburi ulianza Aprili 2023, na miili zaidi ya 400 ikatolewa. Familia za kwanza zilikabidhiwa miili Machi 2024, baada ya vinasaba kulinganishwa. Karibu mwaka mzima! Hapo mwili upo, lakini haujapata jina.

3. Njia zilizopo
Dini na sheria hazikuwasahau watu hawa. Kuna sala ya ghaibu, anayosaliwa maiti asiyekuwepo. Mtume alimsalia hivyo Najashi wa Uhabeshi. Madhehebu ya Shafi, yaliyoenea hapa pwani, huiruhusu. Aidha, aliyekufa maji huhesabiwa miongoni mwa mashahidi, na hilo ni faraja kubwa. Nayo Sheria ya Ushahidi ya Kenya yasema mtu asiyesikika kwa miaka 7, na wale ambao wangepaswa kupata habari zake, huchukuliwa kuwa amekufa, isipokuwa kuwe na ushahidi wa kinyume. Hivyo mambo ya mirathi huweza kwenda mbele. Lakini hakuna sheria iwezayo kumwambia mama ni lini aanue matanga.

4. Sisi tufanyeje?
Methali yasema: kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Basi tusimwanzie. Tusimwambie "kubali tu, amekwisha kufa", wala tusimdanganye "atarudi". Tuseme, "Tuko nanyi katika kungoja." Tumpelekee chakula, tukae naye, tumnakilie masomo aliyokosa darasani. Tusimletee uvumi kwamba ati mwili umeonekana mahali fulani.

Na siku mwili ukipatikana, twende tena! Siku hiyo msiba huanza upya, na majirani wengi huwa wamekwisha kuchoka. Wao hudhani walikwisha kutoa pole. Kumbe pole ile ilikuwa ya kungoja. Ya kuzika bado. Siku hiyo ndipo "makiwa" hupata jibu lake.

MSAMIATI
Makiwa – neno la kumpa pole aliyefiwa.
Matanga – kikao cha maombolezo nyumbani kwa mfiwa.
Kuanua matanga – kumaliza maombolezo.
Hitima – kisomo cha kumwombea marehemu.
Ghaibu – hali ya kutokuwepo au kutoonekana.

ZOEZI
1. "Kifo cha wengi harusi." Jadili ukweli na upungufu wa methali hii.
2. Mwandikie barua mwenzako ambaye jamaa yake amezama na hajapatikana. Usitumie neno "marehemu".
3. Eleza tofauti kati ya kumfariji mtu na kumharakisha.