Mshubiri wa Bustani

Wasomaji wetu wakaao katika nchi kavu, kama vile tambarare zilizo chini ya milima ya Upare na Kilimanjaro, hupenda kuwa na maua mbele ya nyumba zao. Lakini kiangazi kifikapo, kila debe limwagwalo bustanini limetoka mbali kichwani mwa mtu, na pengine limepunguza maji ya kupikia. Kwa hao twaona yafaa kueleza habari za mmea ulio karibu nao mno hata wameacha kuutazama, yaani mshubiri wa nyikani.

Mishubiri ni ya namna nyingi. Huu tunaousema wataalamu huuita Aloe secundiflora, jina alilolitoa Adolf Engler, Mjerumani, mwaka 1895. Maana yake ni kwamba maua yake huelekea upande mmoja wa tawi. Hauna shina refu. Majani yake ni manene, yenye miiba pembeni, na katikati yake huinuka bua lenye matawi na maua mekundu, kimo chake mita moja na zaidi. Ndege wadogo waitwao chozi huyajia kunyonya asali. (Mizizi ya mishubiri wengine huitia katika pombe ya asali; hayo si mambo ya bustani.)

Wawezaje kuishi pasipo maji? Mimea mingi hufungua vitundu vidogo vya majani mchana, na maji yake hupotea kwa jua. Mshubiri huvifunga mchana, ukavifungua usiku wakati wa ubaridi, ukavuta hewa uitakayo. Nayo maji ya mvua huyaweka akiba ndani ya majani.

Basi unaokufa bustanini kwa kawaida umeuawa kwa maji. Kiangazi majani yake hugeuka rangi ya kutu na kujikunja. Mwenye bustani hudhani ni mgonjwa, humwagia maji kila jioni, na mizizi huoza. Auache! Mvua zikirudi majani yatajaa tena na kuwa ya kijani. Vivyo hivyo asiupande bondeni maji yatuamapo, wala katika udongo mzito wa mfinyanzi, wala asiulundikie samadi. Atengeneze tuta lililoinuka, lenye mchanga na changarawe, mahali pa jua.

Tena tusiende porini na majembe kuing'oa. Imepungua sana mahali pengi kwa sababu ya watu watafutao utomvu wake, hata nchini Kenya serikali ilikataza mwaka 1986 kuvuna mishubiri ya porini. Mshubiri huu mara nyingi husimama peke yake bila machipukizi, kwa hiyo tutumie mbegu. Vikonyo vya mbegu vikianza kukauka, kabla havijapasuka, vikatwe vichache na kuwekwa ndani ya karatasi, kwa maana mbegu ni nyepesi na upepo huzichukua. Zipandwe juu juu katika mchanga uliochanganywa na udongo, penye kivuli chepesi, na kulowanishwa kidogo. Jirani akikupa chipukizi, liweke kivulini siku chache mpaka kidonda chake kikauke, ndipo ulipande.

Miche ihamishwe mwanzo wa mvua, hatua moja baina ya mmoja na mwenziwe. Maua yasitazamiwe mwaka wa kwanza wala wa pili.