Mbili kwa Tatu: Je, Mwanafunzi Anajua?

Mwalimu wa hisabati wilayani Muleba akiuliza jumla ya nusu ya kibanja na theluthi ya kibanja, huenda akajibiwa 2/5. Hilo ni kosa, lakini si kosa la ovyo. Mwanafunzi amejumlisha namba za juu kwa za juu, na za chini kwa za chini, kwa kufuata kanuni yake mwenyewe. Wala hakushtuka kuona kwamba nusu ya shamba, baada ya kuongezwa, imekuwa pungufu ya nusu. Alama ya sifuri haiyasemi hayo.

Mwaka 1983 Kikumi Tatsuoka wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, alichapisha njia ya kutambua kanuni potofu za namna hiyo kutokana na mpangilio wa majibu. Vielelezo vya takwimu vya jamii hii huzingatia pia kwamba ajuaye huweza kuteleza, na asiyejua huweza kubahatisha.

Ichukuliwe, kwa mfano tu, kuwa ajuaye kutafuta asili ya pamoja hukosea mara 1 katika 10. Asiyejua, akichagua herufi moja kati ya nne, hupatia mara 1 katika 4. Mwanafunzi amepata maswali mawili ya aina hiyo, akakosa la tatu. Kwa ajuaye, uwezekano wa majibu hayo ni 0.9 × 0.9 × 0.1, yaani 0.081. Kwa asiyejua ni 0.25 × 0.25 × 0.75, yaani 0.047 hivi.

Hapa pana mtego. Kanuni ya Bayes, iliyochapishwa mwaka 1763, hudai ijulikane kwanza ni wangapi darasani wanaojua. Tuseme katika shule moja ya Bukoba mjini ni nusu: uwezekano kwamba mwanafunzi huyu anajua ni 0.63. Tuseme katika shule moja ya Muleba ni mmoja kwa watano: 0.081 × 0.2 hugawanywa kwa jumla ya 0.081 × 0.2 na 0.047 × 0.8, na jibu ni 0.30. Majibu ni yale yale, hukumu ni mbili. Mtoto wa Muleba amehukumiwa kwa yale wasiyoyajua wenzake!

Kwa hiyo kielelezo hiki hakifai kumnyima mtu nafasi ya masomo. Kazi yake halali ni kumwonyesha mwalimu aulize nini tena; na hapa panatakiwa swali la nne, lisilo na herufi za kuchagua. Ikiwa asiyejua hulipatia mara 1 tu katika 20, mwanafunzi wa Muleba akilijibu sawasawa hupanda kutoka 0.30 hadi 0.89. Akilikosa hushuka hadi 0.04, na mwalimu ana sababu ya kutosha ya kulianza upya somo la sehemu.