Uzito wa Kitabu Pepe: Istilahi, Karatasi na Mazingira katika Njia ya Misafara ya Tabora

1.0 Utangulizi

Tangu istilahi kitabu pepe ilipoanza kutumika katika Kiswahili, kwa kufuata mfano wa barua pepe, imeandamana na dai ambalo halijachunguzwa vya kutosha, nalo ni kwamba kitabu cha aina hiyo huokoa miti. Makala haya yanalijadili dai hilo kwa kuanzia kwenye neno lenyewe, kisha yanalipima katika mazingira ya Tabora na njia ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe hadi Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Eneo hili halikuteuliwa kwa kubahatisha. Njia hiyo ni miongoni mwa zile zilizokifikisha Kiswahili Kongo ya mashariki, na matawi yake ya kusini-magharibi yalifika katika ardhi ambayo leo hutoa madini ya betri za vifaa vya kusomea.

2.0 Neno pepe

Kitabu na karatasi yote yametoka katika Kiarabu. La pili Waarabu nao walilipokea kutoka kwa Wayunani. Yote mawili yanataja kitu kinachoshikika. Pepe ni neno la namna nyingine. Lina uhusiano wa wazi na upepo na pepea, na bila shaka ndiyo maana iliyokusudiwa: ujumbe unaopita hewani. Hata hivyo, kwa mkulima wa mpunga pepe ni punje tupu isiyo na kiini, ile inayopeperuka nafaka inapopepetwa. Maana zote mbili zinakutana katika sifa moja, yaani kukosa uzito.

Hapa ndipo istilahi inapompotosha mtumiaji. Inaieleza matini vizuri, kwa kuwa matini husafiri pasipo mzigo, lakini inakificha kifaa ambacho bila hicho matini haisomeki. Istilahi kitabu cha kielektroniki ni ndefu na nusu yake ni ya kukopa. Lakini angalau inamkumbusha msomaji kwamba kuna mtambo.

3.0 Mzigo wa karatasi

Katika karne ya 19 hapakuwa na kitabu chepesi Unyanyembe. Kila kilichotoka pwani kilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na mzigo wa mtu mmoja ulikadiriwa kuwa kilo 30 hivi. Karatasi ilishindania nafasi na nguo, shanga na waya. Mfano unaofahamika zaidi ni wa David Livingstone. Mwaka 1871, akiwa Nyangwe, aliishiwa na karatasi akalazimika kuandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti la The Standard la tarehe 24 Novemba 1869, kwa wino uliotengenezwa kutokana na mmea wa huko. Mwezi Machi 1872 Henry Stanley aliondoka Kwihara, karibu na Tabora, akiwa amekabidhiwa maandishi ya Livingstone kuyapeleka pwani. Wino ule wa kienyeji ulififia kiasi kwamba sehemu kubwa ya shajara ya gazetini haikusomeka tena, hadi mwaka 2011 ilipochapishwa baada ya kupigwa picha kwa mianga ya aina mbalimbali na kuchambuliwa kwa kompyuta. Mfano huu unawatahadharisha wale wanaozipanga njia hizi mbili za kuhifadhi maandishi kama mahasimu.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na mzigo wa karatasi ukatoka kichwani mwa mtu. Baadaye vitabu vya Kiswahili vilichapwa hapo hapo: kiwanda cha wamisionari wa Kikatoliki cha Kipalapala kilitoa vitabu vyenye alama ya T.M.P., ambavyo wasomaji wa makamo wangali wakivikumbuka.

4.0 Miti ipi inayookolewa?

Dai la kuokoa miti linachukulia kwamba mti wa kitabu na mti unaomhangaisha mwananchi ni mmoja. Tabora sivyo. Msitu wa huko ni wa miyombo, wenye mininga na miti ya magome ya kutengenezea mizinga ya nyuki, na unakatwa kwa ajili ya mkaa, mashamba mapya na kuni za mabani ya kukaushia tumbaku katika wilaya kama Urambo, Kaliua na Sikonge. Karatasi haihusiki. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, kilichoanza kazi katikati ya miaka ya 1980, kilitegemea misonobari iliyopandwa Sao Hill, na siku hizi kinajulikana zaidi kwa karatasi ngumu za vifungashio. Shule ya Tabora ikiacha vitabu vya karatasi kesho, hakuna mninga hata mmoja utakaosalimika kwa sababu hiyo. Hii haina maana kwamba karatasi haina gharama. Viwanda vyake hutumia maji na nishati nyingi. Ila gharama hiyo inalipwa mahali pengine.

5.0 Shaba jana, kobalti leo

Gharama ya kifaa nayo inalipwa mahali pengine, na mahali hapo Wanyamwezi wanapafahamu. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara kutoka Unyamwezi na Usumbwa walikwenda Katanga kutafuta shaba na pembe. Mmoja wao, Msiri, alijenga utawala wake Bunkeya, na wafuasi wake ndio Wayeke, hadi alipouawa mwaka 1891. Jina la bidhaa hiyo lilikita mizizi hata jimbo zima likaitwa Shaba kati ya mwaka 1971 na 1997. Ardhi hiyo hiyo ndiyo yenye kobalti. Katika miaka ya karibuni Kongo imetoa takriban asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani, na betri nyingi za simu zimeitegemea. Wachimbaji wadogo, wakiwemo watoto, wamekuwa wakiichimba katika mashimo yasiyo na kinga, na mito ya Kolwezi na Likasi imechafuliwa. Pepe, basi, ina kiini.

6.0 Hesabu ya wasomaji

Ripoti ya Cleantech Group ya mwaka 2009 ilikadiria kwamba kifaa cha Kindle husababisha kilo 168 za hewa ya ukaa katika maisha yake, na kitabu kimoja cha karatasi kilo 7.46. Kwa hesabu hiyo, kifaa kinakuwa na nafuu baada ya kuchukua nafasi ya vitabu 23 hivi. Takwimu hizo ni za Marekani, ambako kitabu kilidhaniwa kununuliwa na msomaji mmoja. Katika shule za Tabora kitabu cha kiada hupita mikononi mwa wanafunzi wengi, mwaka hadi mwaka. Kikisomwa na 10, kila msomaji anabeba kilo 0.75 tu, na kifaa cha mtu mmoja kitahitaji kuchukua nafasi ya usomaji wa mara 225 ndipo kilingane nacho.

Pingamizi lipo, nalo ni la haki. Wasomaji wengi wa Tabora hawanunui kifaa cha kusomea. Wanasoma kwa simu waliyo nayo tayari kwa mawasiliano na fedha. Kwao ni sehemu ndogo tu ya uzito wa simu inayopaswa kuhesabiwa dhidi ya kitabu. Aidha, kompyuta moja ya maktaba inaweza kuhudumia darasa zima. Kwa hiyo swali linalofaa kuulizwa na mkuu wa shule ni hili: kifaa kitatumiwa na wangapi, kwa miaka mingapi, na kikifa kitakwenda wapi? Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu rasmi. Kitabu kilichochakaa, kwa upande wake, huishia sokoni kikifungia karanga, na mabaki yake huoza.