Lugha ya Fuawe: Funzo la Msamiati kutoka kwa Watengeneza Visu

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili akiulizwa kisu kina sehemu zipi, aghalabu hutaja mbili: makali na mpini. Akiulizwa jina la kile kipande cha chuma kinachoingia ndani ya mpini, hunyamaza au hukimbilia Kiingereza. Hali lugha haikupungukiwa na neno: kipande hicho huitwa msuka. Pete ya chuma inayoubana mpini pale msuka unapoingia, ili mti usipasuke, huitwa noleo. Maneno haya yamehifadhiwa kamusini, lakini ni nadra kusikika vinywani.

Makala hii inadai kwamba pengo hilo halitokani na uchache wa maneno, bali na kutengana kwa wenye kamusi na wenye nyundo. Mfano unaotumika ni utengenezaji wa visu kwa mkono, na mazingira yanayozingatiwa ni Matiliku, katika Kaunti ya Makueni, pamoja na Ukambani kwa jumla, ambako ufundi wa chuma una mizizi mirefu.

Uhunzi wa bara na wa pwani

Uhunzi si jambo geni kwa Waswahili wala kwa jirani zao. Katikati ya karne ya 12, mwanajiografia al-Idrisi aliandika kwamba watu wa Malindi walichimba chuma na kukifanyia biashara. Huko bara, C. W. Hobley (1910) na Gerhard Lindblom (1920) ni miongoni mwa walioeleza maisha na kazi za mikono za Wakamba, ukiwemo uhunzi. Wahunzi wa Ukambani walifua vichwa vya mishale, visu, sime na mikufu myembamba iliyosifiwa kwa ustadi wake.

Kwa hiyo, mtu wa Matiliku anayewasha makaa leo ili ajifulie kisu, hata kama anafanya hivyo kwa uraibu tu na si kwa riziki, haigi jambo la wageni. Anarudi katika kazi iliyofanywa na wahenga wake.

Ushahidi wa maneno

Lugha zenyewe zinatoa ushahidi wa ukale huo. Kitenzi cha Kiswahili cha kazi hii ni fua. Katika Kigikuyu kitenzi hicho ni tura, na mhunzi huitwa muturi. Katika Kikamba mhunzi ni mutwii. Je, maneno haya yana uhusiano? Linganisha na jozi nyingine: Kiswahili kina fuma, nazo Kigikuyu na Kikamba zina tuma. Mama wa Kikamba anayesuka kiondo husemwa kuwa anatuma kyondo. Katika jozi zote mbili, palipo na f katika Kiswahili pana t katika lugha hizo za bara. Ulinganifu wa aina hii ndio unaowawezesha wanaisimu kusema kwamba maneno yametokana na mzizi mmoja wa Kibantu, wala hayakukopwa juzi sokoni.

Katika Kiswahili, fua pia lina maana pana. Mtu hufua chuma, hufua nguo na hufua nazi. Dhana ya kupiga au kutumia nguvu ya mkono ndiyo inayoziunganisha kazi hizi. Msemo wa kwamba fulani hafui dafu mbele ya mwenzake unatoka katika ukoo huo huo wa maana. Vivyo hivyo, tunapozungumzia makali ya njaa, au tunaposema kwamba fulani ameshika mpini na mwenzake ameshika makali, tunasema kwa lugha ya karakana bila kujua.

Hatua za kazi na maneno yake

Hatua ya kwanza ni kuchagua chuma. Mafundi wengi wa jua kali hutumia springi za magari makuukuu au tupa zilizokwisha meno. Vyote viwili ni pua, yaani chuma chenye kaboni ya kutosha kukubali kukazwa kwa moto. Nondo ya kawaida ya ujenzi ina kaboni kidogo, hivyo kisu chake huwa butu upesi. Pua bora huitwa feleji, neno ambalo msomaji hulikuta zaidi katika sifa za panga.

Hatua ya pili ni kufua. Chuma hupashwa katika makaa yanayochochewa kwa mivukuto, hushikwa kwa koleo, na hupigwa nyundo juu ya fuawe. Karakana nyingi hazina fuawe ya kununua. Kipande cha reli hutosha. Umbo likishapatikana, tupa hutumika kusawazisha bapa, mgongo, ncha na msuka.

Hatua ya tatu ndiyo inayotenganisha kisu na kipande cha bati. Chuma hupashwa hadi sumaku ishindwe kukinasa, jambo linalotokea kwenye nyuzi 770 hivi za Selsiasi. Huongezewa moto kidogo, kisha huchovywa katika mafuta. Pua ya springi ikichovywa katika maji baridi hupoa kwa ghafla mno na huweza kupasuka. Baadaye tupa hupitishwa ukingoni; ikiteleza bila kung'ata, chuma kimekuwa kigumu. Hata hivyo, ugumu huo ni kama wa kioo. Kisu kikianguka sakafuni chaweza kukatika vipande viwili. Kwa sababu hiyo hupashwa tena polepole, kufikia nyuzi 200 hivi, mpaka rangi ya nyasi kavu itokeze juu ya bapa lililosuguliwa.

Hatua ya mwisho ni kutia mpini wa mti mgumu au wa pembe, kuvisha noleo, kunoa kwa kinoo, na kushona ala ya ngozi.

Kujifunza kwa wenzi

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, uhunzi ulirithishwa ndani ya koo na siri zake zililindwa. Utaratibu huo ulihifadhi ubora, lakini ulikuwa na hatari: ukoo ulipoiacha kazi, ujuzi ulikatika pamoja na maneno yake.

Ukambani kuna mfano wa njia nyingine. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza uchongaji wa vinyago Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia (1914–1918). Ufundi huo haukubaki kwake. Jirani alimtazama jirani, rika likafunza rika, hata uchongaji ukawa kazi ya maelfu, na mwaka 1963 wachongaji Wakamba wakaanzisha chama chao cha ushirika huko Changamwe, Mombasa.

Mtengeneza visu anayeanza hunufaika kwa njia hiyo hiyo. Kitabu chaweza kumweleza nyuzi za moto, lakini mwenzi ndiye atakayekitazama kisu kilichopinda na kumwuliza, "Ndugu yangu, ulikichovya kwa ncha au kwa ubavu?" Katika swali hilo moja mna kosa, sababu, dawa na msamiati. Neno ncha halitasahaulika tena, kwa kuwa limeambatana na kazi ya siku nzima iliyoharibika.

Hitimisho

Fundi anayesema springi na asijue pua, na mwanafunzi anayejua feleji na asiwahi kuiona, kila mmoja ana nusu ya lugha. Kazi ya vyama vya Kiswahili vyuoni si kuunda istilahi mezani tu, bali pia kwenda karakana na daftari, kusikiliza, na kuwarudishia mafundi maneno ambayo lugha ilikwisha kuwa nayo. Kuuliza si ujinga, na mbele ya fuawe anayepaswa kuuliza kwanza ni msomi.

Maswali ya mjadala

1. Chunguza neno fuawe. Je, sehemu yake ya mwisho ina uhusiano wowote na neno mawe? Toa hoja.
2. Kukifanya chuma kiwe kigumu na kukipunguzia ugumu ni vitendo viwili tofauti. Mafundi wa kwenu huviitaje? Je, istilahi hizo zafaa kuingizwa kamusini?
3. Kikamba kina kavyu na Kiswahili kina kisu. Linganisha viambishi awali vya maneno haya na dhima yake katika ngeli za lugha husika.