Somo la Kilimo: Bwawa, Mforsadi na Hariri

Huko Huzhou, China, wakulima huchimba bwawa la samaki na kupanda miforsadi kwenye kingo zake. Viwavi wa hariri hula majani, kinyesi chao hulisha samaki, na tope la bwawa huwa mbolea ya miforsadi. Hakuna kinachotupwa.

Viwanda, chakula cha samaki cha dukani na vijana kuhamia mijini viliudhoofisha mfumo huu. Mwaka 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliutambua kuwa urithi wa kilimo. Lakini sifa haijazi mfuko: mfumo hudumu ukimpa mkulima kipato cha samaki, hariri na matunda.

Mwenye bwawa anaweza kuanza na hatua moja: tope likitolewa, lipelekwe shambani.